Safari ya Indianapolis Jumamosi, na suala la kadi za bangi ya matibabu

Habari zenu, ndugu zangu. Jumamosi tunaondoka Columbus saa 12 kamili asubuhi, pale maegesho ya kanisa. Nauli dola 40, imfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Kuna jambo naliomba kwa moyo wote. Wenye kadi ya bangi ya matibabu ya Ohio, kadi hiyo haitambuliki Indiana. Kule kukutwa na bangi ni kosa la jinai hata kwa mgonjwa, na kuivusha mpaka wa jimbo ni kosa kwa sheria ya shirikisho, hata kati ya majimbo yanayoiruhusu. Tafadhali ibaki nyumbani, pamoja na pipi zake. Kwa sisi ambao bado hatujapata uraia, kesi ndogo tu inaweza kutuharibia makaratasi.

Anayeitegemea kwa maumivu azungumze na daktari wake mapema. Akiona heri abaki, nauli yake tutamrudishia yote, bila kuulizwa sababu.

Kila mmoja ajibu hapa kabla ya Jumatano usiku:
1. Naenda au siendi
2. Watoto wangapi
3. Nimesoma habari ya kadi

Mwenye swali la siri anipigie simu, asiandike hapa. Asanteni sana.