Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu cha kuzikana: Fundi na ufunguo wa stoo

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, na vijana mliosimama pale mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha (ni viti vyetu wenyewe, nitavirudia),

Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo. Tumeuweka mkutano huu Februari ili Ramadhani isitukute bado na hesabu za 2024 mkononi. Mhazini atasoma mapato na matumizi baada yangu, shilingi kwa shilingi, kwa hiyo huko sitagusa. Misiba ya mwaka tumeisitiri yote, isipokuwa mmoja uliotutia aibu, na huo ndio umenifanya nimzungumzie mtu mmoja leo. Najua wapo watakaoguna. Nivumilieni.

Hapa Ngamiani, Tanga, mwenye kitu chochote chenye tairi amekwisha kusimama mbele ya duka la Fundi. Mwenyewe ameniomba jina lake lisiandikwe humu; anasema jina la mwanachama mahali pake ni kwenye daftari la ada. Nimemkubalia, maana hakuna asiyemjua.

Vijana wengi wanadhani alizaliwa na lile duka la spea. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, baba yake mkata mkonge. Kamba za nailoni zilipoiangusha bei ya mkonge na mashamba kuanza kurudi pori, kijana akashuka mjini na pampu ya mguu, kipande cha msasa, solusheni na beseni. Akakaa chini ya mwarobaini. Tanga ni tambarare, na enzi hizo baiskeli ilikuwa kila kitu: mtu wa kiwandani, mwanafunzi, mama anayekwenda sokoni na khanga yake kaifunga vizuri isinaswe na mnyororo.

Mimi nilikuwa mteja wake wa pancha, na sikuwa na subira. Yeye alijaza mpira upepo, akauzamisha kwenye beseni kipande kwa kipande, akangoja. Ukimwambia tundu liko pale, hakujibu, aliendelea kuzungusha hadi vipovu vitoke. Mara nyingi havikutoka pale nilipomwonyesha. Bodaboda zilipoingia, mafundi baiskeli wengi walikunja vifaa. Yeye akaenda kukaa miguuni pa kijana wa umri wa mwanawe afundishwe kufungua injini. Duka lilikuja baadaye.

Duka lenyewe liko kwenye kona, na habari zote za mtaa hupita hapo. Mtu akifariki usiku, jamaa zake hupiga hodi kwa Fundi kabla ya kunipigia simu mimi mwenyekiti. Sitaficha kwamba miaka ya mwanzo jambo hilo lilinikera. Turubai, viti na sufuria kubwa vinakaa kwenye stoo nyuma ya duka lake, na hatujawahi kulipa kodi. Daftari la vifaa linaning'inia kwenye msumari katikati ya mipira ya baiskeli. Mkaguzi wetu wa hesabu alilalamika kwamba kila ukurasa una alama za vidole vya oili. Nikamuuliza kama kuna kiti kilichopotea. Hakuna.

Masika ya 2024 mnayakumbuka. Mvua ilianza mapema, na Mei tukatangaziwa kimbunga Hidaya. Mtaro wetu ulikuwa umeziba, tena si kwa mchanga. Tulitoa nepi, chupa za maji, viroba, na godoro zima ambalo mwenyewe yumo humu ndani na anajijua. Fundi alifunga duka asubuhi mbili mfululizo, akaja na vijana wake na mkokoteni. Waliokuja na majembe walikuwa wachache kuliko waliokuja na simu kupiga picha. Hilo naliandika kwenye taarifa rasmi kwa makusudi.

Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu: ilisimamishwa 2023, na mwaka jana ikarudi. Kikundi cha mama ntilie wetu kilikuwa na katiba na akaunti ya benki, ila muhtasari wao wa kikao haukuwa na sahihi za wote. Fundi, ambaye elimu yake ni darasa la saba, ndiye aliyeligundua hilo, baada ya kusoma zile karatasi jioni mbili, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Wamepeleka maombi. Majibu yakija tutawaambia.

Sasa ile aibu. Agosti Fundi aliugua wiki mbili, akalazwa. Siku ya nne mwanachama mwenzetu akafiwa na mama yake. Tukaenda stoo, kufuli. Mke wa Fundi yuko hospitali na mumewe, na ufunguo uko kwenye mkoba wake. Hakuna aliyekuwa na mwingine, si mimi, si katibu. Wazee walikaa juani hadi saa saba, tukaazima turubai kwa watu wa barabara ya pili. Mfiwa hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Fundi hakukosa kitu. Tuliokosa ni sisi wa kamati, mimi wa kwanza: chama kizima tulikitundika kwenye msumari wa mtu mmoja kwa sababu yeye hachoki na sisi tunapenda kulala.

Halafu ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Siku za uandikishaji, 11 hadi 20 Oktoba, Fundi hakushika tairi la mteja kabla ya kumuuliza kama ameshajiandikisha. Novemba 27 akachaguliwa mjumbe wa kamati ya mtaa. Wapo walionijia wakisema sasa chama chetu kimeingia siasa. Sheria yetu haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama cha siasa, na kadi yake ni yake. Chama hiki cha kuzikana hakina kadi ya rangi yoyote, na maiti haulizwi alimpigia nani kura. Mimi wasiwasi wangu ni muda wake. Mjumbe hana mshahara, ila ana vikao, migogoro ya mipaka, na watu wa kumwamsha usiku.

Kwa hiyo kamati inapendekeza ufunguo wa stoo uwe kwa watu watatu, daftari liwe na nakala kwa katibu, na vijana wawili wachaguliwe leo kusimamia vifaa. Nilikwenda kumweleza Fundi nikiwa na maneno mengi ya kumlainisha, nikidhani ataona tunamnyang'anya. Akaniacha nimalize. Akafungua droo akatoa funguo mbili mpya, alikwisha kuzichonga tangu alipotoka hospitali, akawa anangoja tumuulize. Gharama yake ameidai kwa chama, kama utaratibu unavyotaka. Risiti iko kwa mhazini, mtaitambua kwa alama ya kidole gumba.

Naomba kuwasilisha.