Tufundisheni kusoma taa za alamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la vipuri hapa Vingunguti, mwaka wa tisa sasa. Ukutani juu ya meza yangu kuna kisanduku cha chuma cha alamu chenye taa tatu. Nimekesha nacho kuliko nilivyokesha na mtu yeyote, lakini hadi Machi mwaka huu hakuna aliyewahi kuniambia taa zile zinasema nini. Niliambiwa neno moja tu: usiguse.

Usiku huo mvua ilikuwa kubwa. Saa nane na dakika chache umeme ukakatika mtaa mzima. Taa ya kijani ikazima, ya njano ikaendelea kukonyeza, nikajua betri imeshika zamu. Nikatulia. Zilipita kama dakika ishirini nikasikia bati la nyuma linabanduliwa. Nikabonyeza kitufe cha kuita gari la kampuni ya ulinzi. Taa zote zikafa, Mhariri, kidole kingali kwenye kitufe! Kilichoniokoa ni filimbi yangu na walinzi wa maghala ya jirani. Wezi waliruka ukuta wakaacha ndara moja. Gari lilifika jua limeshachomoza, tena kwa sababu mama mwenye ghala alipiga simu mwenyewe.

Fundi alikuja asubuhi hiyo. Zamu yangu ilikuwa imeisha, lakini nilibaki nione. Akafungua kisanduku, akatoa betri ya volti 12, zile ndogo nzito kama tofali. Ubavu umevimba, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: 2018. Betri za aina hiyo huwa ni za miaka mitatu hadi mitano, na joto la chini ya bati la Dar es Salaam huzipunguzia umri zaidi. Alipoipima ikiwa bado kwenye chaja, mita ilisoma 13 na ushei, nzima kabisa. Akazima umeme wa ukutani, akaiachia ibebe kisanduku peke yake. Ikaporomoka mpaka 9 nikiangalia kwa macho yangu.

"Ikikaa tu inajikaza, mzee wangu," akaniambia. "Ukiiambia itume ujumbe, ile simu ndogo iliyomo ndani ya kisanduku inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Hapo haiwezi." Nilimwelewa upesi. Hata goti langu halina neno mpaka nitake kusimama.

Kumbe taa ya kijani niliyoiamini miaka yote ilikuwa inanipa habari moja tu, kwamba umeme wa ukutani upo. Habari za betri haikuwa nazo.

Ya njano ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwenye kisanduku chetu, ikikonyeza mara moja kwa kila sekunde tatu hivi, simu hiyo ya ndani imeshika mnara. Ikienda harakaharaka, karibu kila sekunde, bado inatafuta mtandao. Sasa mimi huwa nahesabu nayo ili nisisinzie, na nakumbuka vizuri ilikuwa inaenda mbio kwa wiki kadhaa. Nilidhani ndiyo afya. Antena ilikuwa imekunjwa ndani ya kisanduku kile kile cha chuma, basi mawimbi yapite wapi? Fundi akaitoa nje, akaipandisha karibu na dirisha, na baada ya muda mfupi taa ikapunguza mwendo.

Mtu atauliza kampuni ilikuwa wapi. Kampuni ilikuwa inapokea salamu za kisanduku kila siku kupitia waya wa intaneti, ikaona tuko wazima. Njia ya simu ni ya akiba, na ya akiba hakuna aliyewahi kuipigia hodi. Ila ruta ya intaneti haina betri. Umeme ukikatika inalala papo hapo, na hiyo ya akiba ndiyo inabaki peke yake, usiku, kwenye mvua.

Kuhusu taa nyekundu nitasema kwa ufupi. Idadi ya kukonyeza kwake ndiyo jina la tatizo, na orodha ya maana zake imebandikwa ndani ya mlango wa kisanduku. Mlango una kufuli, ufunguo anao mama, na orodha ni ya Kiingereza.

Ombi langu kwa wenye maghala, maduka na kampuni za alamu: anayekaa na kisanduku ndiye afundishwe, kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe nje. Muulizeni fundi pia laini ya simu ya ndani inatumia mtandao wa kizazi gani: 2G, 3G au 4G. Kule Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilizima 3G yake Februari 2022, na visanduku ambavyo havikubadilishwa vikabaki mabubu. Chetu ni cha 2G. Mama ameshaliandika suala la kukibadilisha kwenye mahesabu yake ya mwakani.

Siku hizi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunaipigia kampuni kuwaambia ni jaribio, tunazima swichi kubwa, tunakaa gizani saa nzima, halafu nabonyeza. Wasipopiga simu kuuliza kulikoni, tumefeli. Mara ya kwanza na betri mpya walipiga kabla sijakaa kwenye kiti. Nimeandika saa na dakika kwenye kaunta buku.

Karatasi ya maana za taa nimeiandika mwenyewe kwa mkono na kuibandika kwa selotepu pembeni ya kisanduku. Mwenzangu wa zamu ya mchana, ambaye kwa miaka yote alikuwa akitundika koti lake la mvua juu ya taa hizo, ameongeza mstari mmoja chini kwa kalamu nyekundu: "Koti litundikwe mlangoni."

Mlinzi wa Usiku,
Vingunguti, Dar es Salaam