Asta Nielsen hakuwa nyota wa jukwaa aliyehamia filamu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu miaka ya mwanzo ya sinema ilimtaja Asta Nielsen, mwigizaji wa Denmark, kwa sentensi mbili tu: kwamba alikuwa nyota wa jukwaa aliyehamia kwenye filamu, na kwamba ujio wa sauti katika filamu ulimwangusha. Naomba nafasi ya kuzipinga zote mbili.

Nielsen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1881 katika familia maskini, alisomea uigizaji katika shule ya Ukumbi wa Kifalme, kisha akaigiza kwa miaka kadhaa katika kumbi za jijini humo na katika misafara ya Norway na Sweden bila kupata nafasi kubwa alizozitamani. Mwaka 1910 yeye na Urban Gad, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, walitengeneza filamu ya Afgrunden kwa fedha kidogo, wakikusudia kuwaonyesha wakuu wa kumbi kipaji walichokuwa wakikipuuza. Wakuu hao hawakushtuka. Walioshtuka ni wafanyabiashara wa filamu wa Ujerumani, na huko ndiko alikojijengea jina.

Katika filamu hiyo mna ngoma ambayo wakaguzi wa baadhi ya nchi waliikata, na ndiyo inayozungumzwa zaidi. Mimi navutiwa na mengine: wakati wenzake wengi walipunga mikono kana kwamba wanaigizia watu wa viti vya nyuma, yeye alitulia, akauacha uso na macho vifanye kazi. Hata hivyo mafunzo ya jukwaani hayakupotea bure. Katika filamu ya Hamlet ya mwaka 1921, iliyotengenezwa na kampuni yake mwenyewe, aliigiza binti wa kifalme aliyelelewa kama mwana wa kiume, na mwendo wake peke yake unatosha kuibeba siri hiyo.

Kuhusu sauti, ni kweli kwamba aliigiza filamu moja tu yenye maneno, mwaka 1932, akiwa amevuka miaka hamsini. Lakini mtu aliyefundishwa kusema jukwaani, na aliyekuwa amerudi kwenye tamthilia nchini Ujerumani kabla ya hapo, hawezi kudhaniwa kuwa aliogopa kipaza sauti. Baadaye aliukataa ushawishi wa utawala wa Wanazi waliotaka aendelee kuwafanyia kazi, akarejea Denmark, alikofariki mwaka 1972.

Ikiwa makala hiyo itakuwa na sehemu ya pili, naomba masahihisho haya yaingizwe.

Msomaji wenu