Alijifunika uso

Chake Chake, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaikum. Mimi ni mzima na nyumbani wote hawajambo. Mama anakusalimu sana na anauliza utavuka lini uje kula mkate wa kumimina. Uliniuliza kwa simu kwa nini nimekuwa mzito wa maneno tangu nianze zamu za wodi ya wazazi, nikakujibu kwamba ni uchovu. Haukuwa uchovu, na kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki bwenini huku mwenzangu wa kitanda cha juu anasikiliza, nimeona nikuandikie.

Wiki tatu zilizopita aliletwa mama mmoja kutoka shamba, mimba yake ya nne, uchungu umekwisha kumshika. Mwalimu wetu wa kliniki alimpima njia, akasema imefunguka sentimita 5, akajaza patografu, ile chati ya mwendo wa uchungu. Mama yule hakuwa na haja ya kupimwa tena kwa saa 4, kwani wajua kama nijuavyo kwamba ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza kwa mzazi ambaye uchungu wake unakwenda vizuri. Lakini sisi wanafunzi tulikuwa wanne, mmoja wetu mwanamme, na kila mmoja ana daftari lake la mazoezi lenye mistari inayosubiri saini. Tukaambiwa tuvae glavu, tupite mmoja baada ya mwengine. Pazia la kitanda kile lilikuwa limefungwa fundo juu, na hakuna aliyelishusha.

Mimi nilikuwa wa tatu. Nilipofika, yule mama alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, ameivuta hadi usoni, maana huku chini hakuachiwa cha kufunika. Hakusema neno. Nilijua, shoga yangu, nilijua kabisa kwamba vidole vyangu havikwenda kutafuta habari yoyote ambayo haikuwa imeshaandikwa. Nikapima, nikasema "tano", nikatiliwa saini.

Katika somo la maadili tulifundishwa kwamba hali hii ina jina, dhiki ya kimaadili, na kwamba mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, aliieleza mwaka 1984 kuwa ni pale muuguzi anapolijua lililo sawa, lakini vizuizi vya mahali pa kazi vikamfanya ashindwe kulitenda. Maneno hayo niliyahifadhi kwa ajili ya mtihani, na nikafaulu. Siku ile yalinipwaya. Kizuizi kilikuwepo, sikatai: anayenitilia saini ndiye yule yule ambaye ningepaswa kumwambia asubiri kwanza, na mwanafunzi akishaitwa mjuaji hana pa kukimbilia. Lakini muuguzi anayesemwa pale ni mtu aliyezuiwa, nami nilizuiwa na papo hapo nikafaidika. Hilo ndilo lililonikaa kooni, na sioni kama mtu aliyetoka na saini ana haki ya kulalamikia dhiki yake kabla ya kukitaja alichokipata.

Mwalimu mwenyewe si mtu mbaya, wala usimfikirie hivyo. Siku hiyo alikuwa na wazazi tisa na muuguzi mmoja. Hoja yake ni kwamba tukianza kuomba ruhusa watu watakataa, na hatutakuwa na wa kujifunzia. Niliiamini hadi asubuhi ya pili yake, nilipompelekea mama yule uji. Alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikamtaka radhi. Alinitazama kitambo, kama anayetafuta nilikuwa yupi katika wale wanne, na bila shaka hakuweza kunijua. Kisha akasema, "Lazima msome, mwanangu. Mngaliniomba ningalikubali, ila si wote, na pazia mngalishusha." Masharti mawili, na hapana hata moja lililohitaji bajeti wala kikao.

Tangu siku hiyo hujitaja jina, nikaomba, nikashusha pazia. Wawili wamenikatalia, wengine wote wamekubali, na mmoja hata aliniongoza mkono. Mwalimu ameniona, akanambia nina mbwembwe na kwamba nitachelewa kulijaza daftari, na kwa hili la pili amesema kweli: zimebaki nafasi tano na wiki mbili za zamu. Saini ya siku ile iko mstari wa saba. Nimeufunua ukurasa huo mara nyingi nikiwa na kalamu mkononi, na mpaka leo sijaikata, kwa kuwa nikiikata nitabakiwa na nafasi sita.

Wewe unaanza wodi ya wazazi mwezi ujao. Ukishafika, niandikie unieleze mapazia ya huko kama hushushwa, na nani huyashusha.

Wasalaam,
Shoga yako