Barua ya wazi kwa Meya wa Phoenix: chumba kimoja cha Kinavajo, msimu mzima wa baridi

Mheshimiwa Meya,

Tunakuandikia sisi tunaofundisha na kuandaa madarasa ya jioni ya lugha na utamaduni wa Wanavajo, watu wanaojiita Diné. Tunaomba chumba kimoja katika jengo la jiji, jioni mbili kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, pamoja na kabati linalofungwa kwa ufunguo na ruhusa ya kutumia jiko. Ikiwezekana, kiwe katika mojawapo ya majengo ya zamani ya Steele Indian School Park. Barua ni ya wazi, na wengi watakaoisoma hawajawahi kukisikia Kinavajo, kwa hiyo tunaeleza sababu zetu kwa kirefu.

Tunaitaja bustani ile kwa makusudi. Hapo ndipo ilipokuwa Phoenix Indian School, shule ya bweni ya serikali kuu iliyofunguliwa mwaka 1891 na kufungwa mwaka 1990. Watoto wa makabila mengi, Wanavajo wakiwamo, waliletwa pale, na kwa miongo mingi walikatazwa lugha za mama zao; aliyesikika akisema lugha yake aliadhibiwa. Mwaka huohuo shule ilipofungwa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotambua haki ya wenyeji asilia kutumia na kufundisha lugha zao. Haki ipo kwenye karatasi tangu wakati huo. Kinachokosekana mjini ni mahali pa kuitumia.

Takwimu za sensa za 2006 hadi 2010 zilihesabu takribani wasemaji 170,000 wa Kinavajo, wengi kuliko wa lugha nyingine yoyote ya wenyeji asilia wa Marekani. Idadi hiyo inaliwaza watu bure, maana watoto wanaokua wakikisema nyumbani wanapungua kizazi kwa kizazi. Mtoto aliyezaliwa Phoenix yuko takribani kilomita 450 kutoka Window Rock, makao makuu ya Taifa la Navajo, na bibi yake huonana naye wakati wa likizo tu.

Kwa nini Oktoba hadi Machi? Hadithi za Ma'ii, mbwa mwitu mjanja wa nyika, michezo ya nyuzi za vidoleni na mchezo wa viatu uitwao késhjéé' ni vya majira ya baridi peke yake, wakati nyoka, dubu na buibui wamelala. Radi ya kwanza ya majira ya kuchipua ikishasikika, vyote vinawekwa kando hadi baridi irudi. Kumbi nyingi za umma hukata muhula katikati ya Desemba na kufungua tena mwishoni mwa Januari. Kwa darasa la Kihispania hiyo ni likizo. Kwetu ni wiki sita zinazotolewa katikati ya msimu wenyewe, na hakuna mzee anayeheshimu miiko atakayezifidia mwezi Mei.

Aina ya chumba nayo ina uzito wake. Kinavajo kina irabu nne, a, e, i na o, na kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, ya toni ya juu au ya chini, ya mdomoni au ya puani. Azee' ni dawa, azéé' ni mdomo. Bita' ni "kati yao", bit'a' ni bawa lake. Tofauti iko kwenye t inayotamkwa koo likiwa limefungwa. Katika ukumbi wenye mwangwi, jirani na uwanja wa mpira wa kikapu, mwanafunzi hasikii tofauti hiyo, na kosa la toni likishamkaa mdomoni miezi miwili, kuling'oa ni kazi kubwa kuliko kufundisha upya. Chumba kidogo chenye zulia na mapazia, cha watu 12 hadi 15, kinatosha kabisa.

Tunaomba pia matangazo ya darasa yachapwe kwa fonti inayobeba alama zetu. Herufi ą ipo tayari kwenye kompyuta, lakini ą́, yenye mkia chini na alama ya toni juu, huundwa kwa kuunganisha alama mbili. Fonti isiyoweza hilo hutoa kisanduku kitupu, au huisukuma alama ya toni hadi juu ya herufi ya jirani. Kabla ya kuchapa, mfanyakazi ajaribu neno naadą́ą́', yaani mahindi. Likitoka sawa, mengi yaliyobaki yatatoka sawa.

Sasa kabati. Kinavajo hakina kitenzi kimoja cha kusema "nipe". Ukitaka tufaha unasema shaa ní'aah. Penseli, shaa nítįįh. Karatasi au blanketi, shaa níłtsóós. Kikombe chenye kahawa, shaa níkaah, kwa kuwa ni chombo kilicho wazi chenye kitu ndani. Kamba, manyoya ya kondoo na kitu cha ujiujiuji vina vitenzi vyake pia. Ukiyaandika haya ubaoni, wanafunzi huyakariri kwa mpangilio, kisha wakitoka nje husema ní'aah kwa kila kitu. Njia inayofanya kazi ni kukaa kwa duara na kupitisha vitu mkono kwa mkono, mwalimu akibadilisha kitu bila kutoa taarifa, mpaka mkono uchague kitenzi kabla kichwa hakijafikiri. Kwa hiyo tunahitaji vitu vyenyewe, vingi, na mzee wa miaka 70 hawezi kuvibeba kwenye basi kila Jumanne.

Jiko tunalitaka kwa sababu hiyohiyo: vitenzi vya kumimina, kukoroga na kuonja vinashika vizuri zaidi mwiko ukiwa mkononi. Uji wa mahindi ya buluu hauna gharama. Chemsha vikombe vinne vya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha jivu la gad, mti wa jamii ya mtarakwa, kisha kikombe kimoja cha unga uliokorogwa kwa maji baridi, na usonge kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Jivu hutokana na matawi mabichi yenye majani, na hupitishwa kwenye chekeche laini sana. Ndilo linaloutunza ubuluu na kuongeza madini ya kalisi. Ukilisahau, uji unapauka, ukilizidisha, unakuwa na ladha ya sabuni. Jivu tutalichoma sisi wenyewe nje ya mji, ili ving'ora vya moshi vya jengo visisumbuliwe.

Kitanda cha kufumia kinahitaji kona moja kisihamishwe. Mtande wa Kinavajo, yaani nyuzi za wima, ni uzi mmoja wa sufu unaozungushwa juu na chini bila kukatwa, ukavutwa kwenye fremu iliyosimama. Ukikibeba kila wiki, mvuto wake hauwi sawa tena, na zulia linapinda. Zulia la sentimita 60 kwa 90, kwa mikono ya wanaoanza, huchukua msimu wote. Kosa lao la kwanza ni kukaza mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa mlalo, kingo zikaingia ndani, na dawa yake ni kuulegeza kidogo kabla ya kuupiga kwa kitana.

Kuhusu walimu, tunaomba malipo yao yasifungwe na sharti la shahada. Wasemaji wetu hodari wengi hawana. Arizona tayari ina cheti cha ualimu wa lugha za wenyeji asilia ambacho ufasaha wa mwombaji huthibitishwa na kabila lake, na njia hiyo inafaa kufuatwa hapa. Sala na nyimbo za matambiko hatutazifundisha ukumbini, na hatutaki kamera chumbani bila idhini ya mwalimu wa siku hiyo.

Jioni ya kwanza kila mwanafunzi hujitambulisha kwa koo nne: ya mama, ya baba, ya babu mzaa mama na ya babu mzaa baba. Wengi wa mjini wanajua moja au mbili, na huhitaji wiki kadhaa kuwapigia simu wazee na kuuliza. Kwa hiyo fomu za kujiandikisha lazima ziwafikie mwanzoni mwa Septemba. Tunaomba jibu lako kabla ya tarehe 15 Agosti, na tuko tayari kuja ofisini siku yoyote kukagua chumba pamoja na wasaidizi wako.

Wako kwa heshima,
Walimu na waandaaji wa madarasa ya jioni ya Kinavajo, Phoenix