Shilingi 7,000 za jicho: barua ya wazi kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Huku hatujambo, nyanyako anaendelea vizuri na dawa zake.

Niliusoma ujumbe wako kwenye kundi la familia, ule ulioandika baada ya Mahakama Kuu kutoa uamuzi mwezi Mei 2025 kuhusu Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya kidijitali uliowalipa watu ili wapigwe picha za macho. Ulisema jicho ni lako, hela ulizipata, na tangu siku ile hakuna baya lililokufika. Sasa mahakama inamlinda nani? Wengine wakacheka, shangazi yako akakukemea, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi. Sikutaka kukujibu pale. Swali lako ni zito na halijibiki kwa mistari miwili kwenye simu. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu mliopanga foleni ile mlikuwa wengi. Bunge liliambiwa ni zaidi ya Wakenya 350,000, na naamini wengi wao wanauliza unalouliza wewe.

Kwanza ujue kwamba sikulaumu. Julai 2023 naikumbuka. VAT ya mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ya petroli Nairobi imekaribia shilingi 200, maandamano yako barabarani na watu wanapigwa risasi. Wewe ulikuwa umetoka chuo na kazi hakuna. Ukaambiwa nenda KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, tazama ndani ya tufe linalong'aa kwa muda mfupi, utapewa tokeni 25 za sarafu ya kidijitali, na ukiziuza utapata kama shilingi 7,000 kwenye M-Pesa. Nani wa rika lako angebaki nyumbani? Taarifa za habari zilituonyesha umati wenyewe: wanafunzi na mabegi yao, waendesha boda na helmeti mkononi, akina mama wenye watoto mgongoni, askari wakihangaika kupanga mistari. Wanahabari walipowauliza wamefuata nini, wale niliowasikia mimi walijibu pesa. Sikumsikia hata mmoja akisema amekuja kuthibitisha kuwa yeye ni binadamu, na hilo ndilo kampuni ilidai kuwa lengo la kazi yake yote.

Jibu la swali lako linaanzia hapo hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu anayechukua taarifa zako apate ridhaa yako, na ridhaa hiyo iwe ya hiari, ya mtu aliyeelezwa akaelewa anachokubali. Jaji Roselyne Aburili, kwenye kesi iliyopelekwa na Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, aliona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa tokeni haikutimiza sharti hilo. Aliona pia kwamba haikufanywa tathmini ya kutosha ya madhara yanayoweza kuwapata watu kabla ya kazi kuanza. Akaamuru data zote za kibayometriki zilizochukuliwa zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Wazee walisema mwenye njaa hana miiko. Ukimpa mtu karatasi asaini huku umeshika chakula chake mkono wa pili, saini ile inakuonyesha njaa yake tu. Kama alikubali kweli, huwezi kujua.

Najua utaniambia kila mtu hufanya kazi kwa sababu ya njaa, na mwajiri naye hutumia njaa yetu. Ni kweli. Lakini kazi ukiichoka unaiacha, na mshahara wa mwezi uliopita haukufuati ukitaka kukujua wewe ni nani. Walichokuchukulia kinafuata. Ule mduara wenye rangi unaozunguka mboni yako ulijiunda ungali tumboni mwa mamako, na mikunjo yake ilijipanga kwa namna isiyojirudia. Hata pacha wanaofanana kwa kila kitu hutofautiana hapo, na jicho lako la kulia si sawa na la kushoto. John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyebuni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hesabu za kuigeuza mikunjo hiyo kuwa mfuatano wa sifuri na moja, tarakimu 2,048 kwa jumla. Ni sayansi nzuri sana na sina ugomvi nayo. Viwanja vya ndege vinaitumia. Lakini neno la siri likiibwa utaandika jingine leo hii hii. Jicho utapata wapi jingine?

Kampuni ina utetezi wake, na haki ni kuusema. Wanasema picha ya jicho haihifadhiwi usipotaka wewe, kwamba kinachobaki ni ile namba tu, na kwamba baadaye waliboresha mfumo ili hata namba isikae mahali pamoja. Huenda uhandisi wao ni mzuri kweli. Ila wewe ulijua hayo ulipokuwa umesimama KICC? Ulisoma masharti, kwa lugha gani, na nani alikufafanulia tofauti ya picha na namba? Walikuwapo waliobonyeza kukubali picha zao zitunzwe kwa sababu walielezwa kwamba itawaepusha kurudi kupigwa picha tena. Na ofisi ya Kamishna wa Data iliitaka kampuni isimamishe kazi hiyo tangu Mei 2023. Julai foleni bado zilikuwapo. Tarehe 2 Agosti ndipo Kithure Kindiki, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, aliposimamisha shughuli zote. Kampuni iliyoambiwa na mwenye mamlaka isimame, ikaendelea, inataka tuiamini kwa neno lake kuhusu kilichofutwa na kilichobaki?

Tazama pia nani alikuwa nyuma ya mradi. Sam Altman, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye mkuu wa OpenAI iliyoleta ChatGPT Novemba 2022. Hoja ya Worldcoin ni kwamba akili unde itaujaza mtandao watu bandia, kwa hiyo kila binadamu wa kweli atahitaji cheti cha ubinadamu. Tatizo hilo ni la kweli, silibezi. Linaloniumiza ni kwamba anayelisukuma tatizo mbele ndiye anayetuuzia dawa yake, na majaribio ya dawa yakaanzia kwa watu ambao dola 50 kwao ni kodi ya nyumba. Nairobi hiyo hiyo ndiko vijana wenzako walikolipwa chini ya dola 2 kwa saa, kupitia kampuni ya kati, wasome maandishi ya ukatili na unajisi siku nzima ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Jasho letu, kisha macho yetu. Mara mbili sisi ndio malighafi, na faida ikapanda ndege.

Sasa nifike kwenye lile neno lako, kwamba hakuna baya lililokufika. Nataka uwafikirie watu wa Garissa na kaunti jirani. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, kambi za Dadaab zilijengwa huko, na miaka ya ukame familia za Wakenya wenyewe, wenye ng'ombe waliokufa, ziliona wakimbizi wakipewa mahindi, mafuta ya kupikia na matibabu. Mama akamshika mtoto mkono, akaenda kujiandikisha kama mkimbizi ili wale. Hakuna mama asingefanya hivyo. Kadiri miaka ilivyokwenda, usajili ukawa wa alama za vidole. Mtoto akala, akakua, akasoma. Alipofika miaka 18 akaenda kwa afisa wa usajili kuomba kitambulisho cha taifa, akaweka kidole kwenye mashine, na mashine ikajibu kwamba huyu ni mkimbizi.

Maelfu ya watu wamekwama hivyo. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini M-Pesa huna. Benki hawakufungulii akaunti. Chuo kinakuwa shida, kazi ya serikali usahau, na ukipanda basi kwenda Nairobi kila kizuizi cha polisi ni hofu. Mzazi ana kitambulisho, ndugu wa kuzaliwa anacho, yeye hana. Waliomchukua alama walikuwa wanataka kumlisha, hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Madhara yalikuja baadaye, siku data zilipofika kwenye ofisi nyingine iliyozisoma kwa macho mengine. Na siku ile ya mahindi, mtu angemuuliza mama yule kama kuna baya lililomfika, angesema hapana, tena kwa shukrani.

Kwa hiyo ukiniambia imepita miaka miwili na uko salama, nakuamini. Wasiwasi wangu ni wa siku utakapokuwa na miaka arobaini.

Usidhani naiona serikali kuwa mlinzi wetu hapa. Mwaka 2019 ilituita sote kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, ikachukua vidole na nyuso zetu huku wananchi wakitishwa kwamba bila namba hiyo watakosa huduma. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukua DNA na kuonyesha kwa GPS mtu anaishi wapi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema utoaji wa kadi zenyewe ulikuwa batili kwa kuwa serikali haikufanya tathmini ya athari ambayo sheria inaitaka. Kosa lile lile la Worldcoin! Serikali ilitumia kitisho na kampuni ikatumia tokeni, na waliowashtaki wote wawili ni wananchi na mashirika ya haki. Ndiyo maana nilisikitika ulipoita kesi hii kelele za wanaharakati. Sheria ya 2019 ingekuwa karatasi tu kama hawa wasingekwenda mahakamani.

Na wala si Kenya peke yake iliyoona tatizo. Hispania iliwasimamisha Machi 2024, Ureno nayo mwezi huo huo. Brazil ndiyo iliyonigusa zaidi: Januari 2025 mamlaka yao ya data iliiamuru kampuni iache kuwalipa watu kwa ajili ya picha za macho, kwa sababu malipo yanaharibu uhuru wa kukubali, hasa kwa mwenye shida. Mtu wa Brazil akikubaliana na jaji wa Nairobi bila kupigiana simu, basi hoja ina mashiko.

Kuna jambo moja ambalo bado linanikera, nalo ni kwamba hakuna aliyekuja kwenu na jibu la njaa. Serikali ilifunga foleni ikarudi ofisini. Bunge likaunda kamati, likatoa ripoti yenye maneno makali, na kijana aliyekuwa nambari ya mia tatu kwenye mstari akaambiwa arudi nyumbani bila chochote. Hasira yako hapo ni ya haki na naishiriki. Nataka tu uielekeze kwa waliokuacha ufike mahali ambapo shilingi 7,000 zingetosha kununua kitu kama hicho. Jaji alikuwa upande wako.

Sasa nina ombi. Sheria ile ile inakupa haki ya kuuliza nani ana taarifa zako, anazitumia kwa nini, na kutaka zifutwe. Iandikie kampuni barua pepe fupi, utaje siku uliyosajiliwa na mahali, uulize kama amri ya mahakama imetekelezwa kwa upande wako na uombe uthibitisho wa maandishi. Nakala itume kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Kiswahili chako kinatosha, ila ukitaka tuandike pamoja kwa Kiingereza cha mawakili, nipigie jioni baada ya magharibi. Wasipokujibu, malalamiko rasmi hayana ada ya wakili. Ni fomu, na nitakusaidia kuijaza. Waulize pia wale marafiki zako watatu mliokwenda pamoja kama wanataka kuandika. Barua nne zina uzito kuliko moja.

Mwambie mamako nimepokea ule mzigo, na kwamba Idi tunawasubiri.

Mjomba wako,
Mombasa