Familia za wavuvi waliopotea zisiachwe njia panda

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa zenu juu ya wavuvi wa Lamu wanaopotea baharini msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Mnaeleza vyema msako unavyofanywa, lakini ukisitishwa, habari nayo huishia hapo. Kwa familia, msiba ndio kwanza unaanza.

Maiti ikipatikana, watu hujua la kufanya: kuzika, matanga siku tatu, hitima ya kumsomea marehemu dua, kisha mjane akae eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ya miezi minne na siku kumi. Isipopatikana, mke hajui kama ni mjane. Jirani huyu amwambia asubiri, yule amwambia amsomee marehemu. Kanzu ya mumewe ingali ukutani, na kila mashua ikitia nanga yuko mlangoni anachungulia. Sheria ya Kenya humchukulia mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka 7. Wanaomdai mumewe pesa za nyavu, hata wiki hawangoji.

Serikali ya kaunti, Kadhi na viongozi wa wavuvi wakubaliane utaratibu mmoja. Msako ukisitishwa, mshauri nasaha na mtu anayeijua sheria waende nyumbani kwa aliyepotea, bila kungoja mke aanze kuzunguka maofisini.

Msomaji,
Lamu